Kiti cha Chiku Kisikae Kitupu

Ipo nchi, na anayetaka kuitafuta asijisumbue na ramani, atazame tu dirishani kwake. Jina lake haliruhusiwi kutajwa bila kibali cha maandishi, na afisa anayetoa kibali hicho hajaonekana tangu mwaka juzi. Basi tuiite nchi. Inatosha.

Siku ilipoundwa, waasisi thelathini walikutana ukumbini kujadili nani aongoze. Ilipofika saa saba mchana wote wakatoka kwenda kula, isipokuwa mmoja ambaye tumbo lilikuwa linamsokota. Karani, kwa kuwa hakuambiwa kuwa ni mapumziko, akaita majina. Aliyeitika alikuwa mmoja. Wenzake waliporudi wakijifuta mafuta midomoni walikuta nchi imeshapata Mlezi wa Taifa, na mlango umeshapata askari.

Tangu siku hiyo, jambo kubwa katika nchi hiyo si kufanya kazi, wala kujua kitu. Jambo kubwa ni kuwapo. Kila asubuhi saa moja na nusu majina huitwa shuleni, hospitalini, magerezani na makaburini, huko makaburini kwa heshima tu. Na kwa kuwa mtumishi wa cheo hawezi kukaa mahali pamoja kutwa nzima, maana ana shamba, ana duka, na ana nyumba ndogo inayodai kutazamwa, ikatungwa Kanuni ya Koti. Koti la mtumishi likiwa limevikwa kwenye kiti chake, mtumishi yupo. Yako makoti yaliyopandishwa vyeo. Koti moja la idara ya maji lilistaafu kwa sherehe na keki, na mwenyewe alikuwa ameshazikwa miaka minne.

Katika nchi hiyo aliishi seremala mmoja, Shomari, fundi wa madawati ya shule. Alikuwa mtu mrefu, mwenye magoti makubwa, na kila dawati alilotengeneza alilitengeneza kwa kipimo cha serikali, yaani kimo cha goti la Mlezi wa Taifa alipokuwa na umri wa miaka minane. Shomari hakuwahi kulalamikia kipimo hicho. Hakujua kwamba siku moja yatamfika yeye na magoti yake.

Mkewe aliitwa Tausi, na mtoto wao wa pekee Chiku.

Chiku alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na alikuwa na usonji. Hakusema. Kusikia alisikia kuliko watu wote wa mtaa ule, hata kengele ya shule ilimwingia masikioni kama msumari, akayaziba kwa viganja na kuimba wimbo wake usio na maneno mpaka kengele ichoke. Akirudi kutoka shuleni aliingia karakana ya baba yake, akaokota maranda yaliyojikunja, akayapanga dirishani kuanzia lenye mkunjo mdogo mpaka lenye mkunjo mkubwa. Siku moja Shomari aliiba randa moja la katikati ya mstari ili amjaribu. Chiku aliingia, akatazama dirisha, akaenda moja kwa moja mfukoni mwa baba yake.

"Huyu mtoto angekuwa mkaguzi wa hesabu," Shomari alimwambia mkewe, "serikali ingelala njaa."

Kila Jumatano asubuhi Tausi alimpeleka kliniki kwa Bi Stara, mtaalamu pekee wa usonji katika wilaya nzima. Bi Stara alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiye na haraka na kitu chochote duniani. Tiba yake kubwa ilikuwa kusubiri.

"Mkimwita Chiku, msimjibie," aliwaambia wazazi siku ya kwanza. "Ninyi, mama zake wadogo, majirani, wote mnamjibia. Neno lake liko ndani, linakuja kwa miguu. Mkishamwita, hesabuni moyoni mpaka thelathini. Nyamazeni. Mtaona thelathini ni ndefu kuliko mwezi wa kufunga. Lakini nyamazeni."

Tausi aliweza. Shomari alikuwa akifika kumi na mbili ulimi unamwasha.

Sasa, Jumatano ile ile ambayo Chiku yuko kliniki, shuleni majina yanaitwa. Aliyepo huwekewa alama ya vema kwa wino wa bluu. Asiyekuwepo huwekewa mkasi kwa wino mwekundu. Mikasi ikifika kumi kwa mwaka, jina linafutwa daftarini. Jina likifutwa, kadi ya mwanafunzi inakufa. Na Bi Stara, kwa agizo la serikali, haruhusiwi kumtibu mtoto asiye na kadi ya mwanafunzi. Kwa maneno mengine, mtoto akienda kliniki anafutwa shule, na akifutwa shule haendi kliniki. Wizara iliusifu utaratibu huo kwa kuwa unajimaliza wenyewe bila kuongeza watumishi.

Mwalimu Kandoro, mwalimu wa darasa, alimwita Shomari akamfungulia daftari.

"Baba Chiku, minane hii hapa. Mimi nimefanya ninaloweza. Tazama, mikasi ya mwanao nimeichora myembamba."

Shomari akatazama. Kweli ilikuwa myembamba, kama miguu ya mbu.

"Ahsante, Mwalimu," akasema.

Wiki hiyo hiyo redio ikatangaza sheria mpya. Waziri wa Mahudhurio alihutubia taifa kutoka uwanja wa michezo, na watu wakakusanyika kwenye redio ya karakana ya Shomari.

"Ndugu wananchi!" ilinguruma sauti ya Waziri. "Serikali yenu sikivu imekaa. Baada ya kukaa, imekaa tena. Na katika kukaa huko imemwona mtoto mwenye usonji! Kuanzia leo, mtoto anayekwenda kutibiwa usonji anayo ruhusa ya kutokuwepo. Hatakuwepo kwa heshima! Hatakuwepo kwa mujibu wa sheria! Nawauliza, ni nchi gani jirani yenye watoto wasiokuwepo kwa utaratibu mzuri kama huu?"

Watu wakapiga makofi. Tausi akalia. Shomari akampandisha Chiku juu ya meza ya kupigia randa, akacheza kuizunguka meza, na Chiku akaimba wimbo wake usio na maneno.

Asubuhi yake Shomari akavaa viatu vya sikukuu akaenda wizarani kuchukua fomu.

Alipokelewa na ukumbi mrefu wenye viti arobaini na makoti arobaini. Yalikuwapo ya mistari, ya kahawia, na moja la manyoya katika mji usiojua baridi. Katikati yake aliketi mzee mmoja mwembamba, amevaa shati tupu. Ndiye karani, Mzee Nondo. Kwa kuwa cheo chake hakikufikia koti, alilazimika kuwapo yeye mwenyewe kila siku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lakini anza na wakubwa, mwanangu. Usinitie matatani."

Shomari akageukia makoti. "Shikamooni."

"Wameitika," alisema Mzee Nondo. "Haya, shida?"

"Nimekuja kumwona Mkurugenzi wa Ruhusa."

"Si yule pale."

"Naona koti, mzee."

"Basi umemwona. Wengine huja mara tatu wakakuta limepelekwa kwa dobi."

Shomari akaeleza habari yake yote: mtoto, kliniki, mikasi minane. Mzee Nondo alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akatoa fomu yenye kurasa kumi na moja, akaweka kidole kwenye ukurasa wa tisa.

"Ruhusa ipo. Ila hapa, kifungu cha nne. Soma."

Shomari akasoma kwa sauti: "Mwanafunzi husika anaruhusiwa kutokuwepo, mradi kiti chake kisikae kitupu."

"Umeelewa?"

"Sijaelewa."

"Mtoto hatakuwapo. Sawa. Ameruhusiwa. Lakini kiti hakina usonji. Kiti hakijaruhusiwa kitu. Mlezi wa Taifa akipita akaona kiti kitupu, atajuaje kwamba utupu huo una kibali?"

Shomari alikuwa amejiandaa. Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa sweta la Chiku, la bluu, lililotatuka kiwiko, akalikunjua mbele ya mzee.

"Basi tuvike hili kitini kwake. Kama hawa wakubwa."

Mzee Nondo akatazama pembeni, akashusha sauti. "Lifiche, mwanangu. Hilo ni sweta. Sweta la darasa la tatu halina cheo. Ukilivika kitini unawatukana watu arobaini humu ndani."

"Watu wako wapi?"

"Shhh! Wanakusikia."

Feni ikazunguka, mikono ya makoti ikapepea kidogo, na Shomari, mtu mzima na magoti yake, akaona haya.

"Sasa nani akalie?" akauliza.

"Mzazi. Mmoja anampeleka mtoto, mwingine anakalia kiti. Anaitika jina la mtoto, anasoma masomo ya mtoto, anakunywa uji wa mtoto. Akitoka kitini, mkasi."

"Na mtoto mwenye mzazi mmoja?"

Mzee Nondo akafikiri. "Huyo bado hajaja kuomba fomu," akasema, akagonga mhuri.

Basi Jumatano iliyofuata seremala Shomari akaingia darasa la tatu.

Sare ilikuwa imeleta mgogoro. Kanuni ilitaka sare ya mwanafunzi husika, yaani sketi. Mwalimu Kandoro aliandika barua tatu, na wizara ikakubali kaptula kwa sharti kwamba iwe na marinda mawili. Akaingia hivyo, miguu yake yenye nywele nje, watoto sabini wakamtazama kama ng'ombe aliyepanda ngazi. Akakaa kwenye dawati alilolitengeneza kwa mikono yake. Magoti yakagonga ubao wa juu, ubao ukanyanyuka, kidau cha wino kikamwagika.

"Chiku amemwaga wino!" akapiga kelele monita wa darasa, binti wa miaka kumi na mmoja aitwaye Siwema, mwenye sauti ya kuuzia samaki.

"Samahani, mwanangu," alisema Shomari.

"Mwanao nani? Humu ndani wewe ni Chiku, una miaka tisa. Mimi dada yako. Niamkie!"

Shomari akamtazama Mwalimu Kandoro. Mwalimu Kandoro akatazama dirishani, kwa huruma.

"Shikamoo, dada Siwema," alisema Shomari.

"Marahaba, mtoto mzuri. Umenawa masikio?"

Darasa zima likaangua kicheko.

Yakaanza majina. Na hapa ndipo Shomari alipojifunza alichokwenda kujifunza, ingawa hakujua wakati ule. Mwanafunzi akiitwa alipaswa kuruka wima na kusema "Nipo!" ndani ya sekunde tatu. Ikipita ya tatu, kalamu nyekundu inashuka. Mara ya kwanza Mwalimu Kandoro alipoita "Chiku Shomari!", Shomari akageuka kumtafuta mwanawe. Siwema akamfinya mbavu. "Nipo!" akaropoka, katika nusu ya mwisho ya sekunde ya tatu.

Ikawekwa vema ya bluu. Chiku, aliyekuwa kliniki maili nne kutoka pale, alikuwapo.

Jumatano zikafuatana. Shomari akajua jedwali la saba, akawa wa sita katika imla, akasimamishwa kwa mguu mmoja kwa kosa la kusinzia. Watoto wakamzoea. Walimwazima kifutio, wakamficha nyuma ya migongo yao alipokuwa ananyoosha magoti. Na katika kuitika akawa hodari kuliko wote. Jina halijatoka lote kinywani mwa mwalimu, yeye ameshafyatuka: "Nipo!" Mwili ulijifunza ukaacha kumwuliza. Hata karakanani, mteja akimwulizia mwanawe, "Chiku hajambo?", Shomari alijikuta amesimama.

Na Chiku? Siku nyingine nne za wiki alikuja mwenyewe. Akikaa kwenye kiti chake Mwalimu Kandoro alimwona kwa macho, akamwekea vema, yakaisha.

Hayakuisha. Muhula wa pili ukaja waraka. Ulisema kwamba macho ni kiungo dhaifu chenye kudanganywa, na kwamba Mlezi wa Taifa mwenyewe hakuonekana siku ile ukumbini bali alisikika. Kwa hiyo kuanzia sasa aliyepo ni yule aliyesikika. Mkaguzi Mkuu wa Sauti angepita kila shule Alhamisi ya mwisho wa muhula, na jina ambalo halikuitikwa lingefutwa papo hapo, bila kusubiri mikasi kumi. Wazazi wenye kushika viti kwa ruhusa walitakiwa kuhudhuria kwa sare, wakae pamoja na watoto wao, ili Mkaguzi aone matunda ya sheria.

Shomari aliupeleka waraka kwa Bi Stara. Bi Stara aliusoma polepole, kama alivyofanya kila kitu.

"Wiki ngapi?"

"Saba."

"Neno lenyewe moja?"

"Moja tu, Bi Stara. Nipo."

Bi Stara akamtazama Chiku, aliyekuwa sakafuni akizipanga kalamu kwa urefu. "Neno analo," akasema. "Nimeliona likija mpaka midomoni, linarudi. Mwiteni. Nyamazeni. Yeye atawaambia muda wake."

Wakaita. Asubuhi wakati wa chai, mchana wakati wa maranda. "Chiku?" Kisha moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Wiki ya kwanza hakuna. Wiki ya pili alitazama kinywa cha anayemwita. Wiki ya nne midomo ilikutana, ikaachana bila sauti, na Shomari akatoka nje akasimama nyuma ya banda la mbao peke yake.

Wiki ya sita, Jumamosi, alikuwa anapigilia mguu wa stuli. Bila kugeuka, kwa mazoea tu, akasema, "Chiku?" akaendelea na nyundo, akihesabu kwa mapigo. Ishirini na nne, ishirini na tano.

"Nipo."

Sauti ndogo, kavu kidogo, kama mlango wa kabati jipya. Shomari akajipiga nyundo kidoleni. Hakusikia maumivu mpaka jioni.

"Mama Chiku!" aliita. "Mama Chiku, njoo! Kasema!"

Tausi akaja mbio na mwiko. Wakaita tena, wakanyamaza, Tausi ameziba mdomo kwa ukingo wa kanga. Kumi na tisa, ishirini. "Nipo," alisema Chiku, akawatazama mmoja mmoja kwa mshangao, kama anayewauliza kwa nini siku zote hawakuwa wanasikiliza. Kisha akarudi kwenye maranda yake.

Muda wake ukawa ishirini. Wakati mwingine ishirini na mbili, kamwe si chini ya kumi na tisa. Sekunde tatu za serikali hazikuwa zake.

Shomari alimwendea Mwalimu Kandoro akamweleza. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Kumbe hiyo ni sekunde saba," akasema.

"Nini?"

"Kuvua miwani, kuifuta, kuivaa. Nimekuwa nikijihesabu. Kikohozi changu ni sita. Daftari likianguka, kuliokota na kutafuta ukurasa, naweza kufikisha saba nyingine. Baba Chiku, mimi ndiye nitakayeita majina. Mkaguzi anasikiliza tu. Tutapata ishirini."

"Mwalimu, wakikugundua?"

"Nimechora mikasi miaka kumi na minane," alisema Mwalimu Kandoro. "Acha nikohoe mara moja."

Alhamisi ikafika. Shule ilipakwa chokaa mpaka mawe. Kwanza lilifika koti la Waziri, peke yake, ndani ya gari jeusi lenye bendera. Likavikwa kwenye kiti cha mbele, nao watoto wakaliimbia wimbo wa taifa wa mahudhurio:

*Ukiitwa uitike, asoitika hayupo,*
*Kiti kisiwe mpweke, hata koti na liwepo,*
*Taifa na litukuke, kwa sauti zilizopo,*
*Mlezi afurahike, sote tukisema tupo.*

Kisha akaingia Mkaguzi Mkuu wa Sauti, mtu mfupi mwenye masikio yaliyosuguliwa yakang'aa, kalamu nyekundu mkono mmoja, saa mkono wa pili, na mwandishi wake nyuma. Shomari alikuwa kitini, kaptula ya marinda mawili, Chiku ubavuni pake. Alikuwa amemtia pamba masikioni kwa ajili ya kengele, akaitoa kengele ilipokwisha. Tausi alikuwa nje dirishani, na Bi Stara nyuma yake.

"Tuanze," alisema Mkaguzi. "Taifa halina muda."

Majina yakaenda kama mvua juu ya bati. Nipo! Nipo! Nipo! Shomari akamshika Chiku kidole kidogo. Kidole kilikuwa kimetulia.

"Chiku Shomari!"

Moja. Mbili. Mwalimu Kandoro akashikwa na kikohozi, kikohozi cha mtu aliyemeza randa. Nane. Akaomba radhi, akavua miwani. Mkaguzi akatazama saa. Kumi na moja. Miwani ikafutwa kioo cha kulia, ikafutwa kioo cha kushoto. Chiku alikuwa ameinua uso, anatazama kinywa cha mwalimu. Kumi na nne.

"Mwalimu," alisema Mkaguzi, "hili jina lina mtu?"

Daftari likaanguka. Nalo boksi la chaki la Siwema likaanguka, bila kuagizwa na mtu, na chaki zikaviringika darasa zima. Kikohozi kikamshika mtoto wa mbele, kikamshika wa nyuma yake, kikashika darasa la tatu lote, watoto sabini wakikohoa huku wanamtazama Chiku kwa macho ya kumsihi. Kumi na saba. Midomo ya Chiku ikakutana.

"Kimya!" akafoka Mkaguzi. Akalinyakua daftari, akaliweka juu ya meza, akaishusha kalamu nyekundu. Ncha ikagusa karatasi. Kumi na nane.

Shomari aliiona ncha. Hakuamua kitu. Wanaosema aliamua hawajawahi kukalia kiti kile Jumatano thelathini na moja. Magoti yalinyooka yenyewe, dawati likanyanyuka, na kinywa chake kikafyatuka kama kilivyofundishwa.

"Nipo!"

Ncha ikasimama.

Na kabla vumbi la chaki halijatua, sauti ndogo, kavu kidogo, ikasema ubavuni pake, wazi kabisa, kila mtu akaisikia mpaka dirishani:

"Nipo."

Mkaguzi akachomeka kalamu nyekundu mfukoni, akatoa ya bluu, akaweka vema.

"Vizuri. Jina linalofuata."

"Mheshimiwa!" alisema Shomari. "Mheshimiwa, subiri. Huyu ndiye. Amesema mwenyewe, umemsikia!"

"Jina moja, sauti moja. Ya kwanza imesikika, imeandikwa. Sauti nene, ya kujiamini. Mtoto wa mfano."

"Mimi si mtoto! Mimi ni Shomari, seremala, nina miaka arobaini na mitatu! Nilikosea. Nifute mimi, mwandike yeye."

Mkaguzi akapitisha kidole daftarini kwa subira ya mtu mwema. "Shomari peke yake hayumo humu. Siwezi kumfuta asiyekuwemo. Humu yumo Chiku, naye ameitika."

"Na hii sauti ya pili? Hii uliyoisikia, ni ya nani?"

Mkaguzi akamgeukia mwandishi wake. Mwandishi akafikiri, akaandika, akasoma alichoandika: "Saa mbili na dakika sita. Kelele moja. Haina mwenyewe."

Chiku alikuwa bado amesimama. Alimtazama mwalimu, akamtazama Mkaguzi, akangoja waweke alama yake. Siwema akamvuta taratibu kwa ukingo wa sketi, akamkalisha.

Shomari alipewa beji ya Mwanafunzi Aliyekuwapo Kuliko Wote. Alibandikwa kifuani na mwakilishi wa koti la Waziri.

Mambo mengine yalikwenda kwa utaratibu. Sauti iliyoandikwa ndiyo itakiwayo kusikika, kwa hiyo Shomari anakwenda shule kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na mwakani anaingia darasa la nne. Kadi ya Chiku ni hai. Jumatano anakwenda kwa Bi Stara bila bughudha, na siku nyingine anakaa karakanani na mama yake, maana darasani kiti chake kina mtu. Mwalimu Kandoro alihamishiwa idara ya makaburi, kuita majina, kwa kuwa huko hata akikohoa hakuna atakayeharakishwa. Na katika taarifa ya mwaka nchi ilitangaza mahudhurio ya asilimia mia moja na kelele moja, jambo ambalo halijapata kutokea mahali popote.

Jumamosi shule hufungwa. Jumamosi moja Shomari alikaa karakanani, amevaa suruali ya kiume, nyundo chini, mikono mitupu juu ya magoti. Chiku alikuwa dirishani na maranda yake.

"Chiku?" aliita.

Akahesabu. Safari hii aliweza, ulimi haukumwasha hata kidogo. Ishirini. Thelathini. Akaendelea, arobaini, sitini, angeweza kufika elfu. Chiku aliacha maranda, akageuka, akamjia mpaka mbele yake. Akamtazama baba yake kinywani, kwa utulivu, bila haraka, kama Bi Stara alivyowafundisha wote kufanya.

Alikuwa anamsubiri aitike.